Shahidi wa Ndevu za Bwana Taufiq

Kamari ni haramu, najua, maalim asije akanitafuta. Lakini nauweka wembe wangu hapa mezani, ule wa mpini mweusi, kwamba hakuna hata mmoja wenu atakayeyaamini haya. Atakayeamini mpaka mwisho auchukue. Nauweka bila wasiwasi, maana nawajua watu wangu: mnaamini uvumi, kweli hamuiamini.

Mimi ni Aqil, kinyozi wa Mkomani, hapa Lamu. Shule niliiacha darasa la sita. Haikunishinda, ila mimi na mwalimu tulikuwa tushatosheana. Lakini nipe kichwa cha mtu nusu saa tu, nitakwambia amegombana na nani na anamficha nini mkewe. Daktari ana mashine, mimi nina vidole. Na nina pua. Jambo likiwa na harufu, hata ulifukize udi siku tatu, mimi nitalinusa.

Sasa, Bwana Taufiq. Kama nyinyi hamumjui, yeye anawajua. Alisoma mita za maji katika mji huu miaka thelathini na mmoja. Akifika mlangoni hupiga hodi mara tatu, halafu hupaza sauti, "Maji!", ili wanawake wajisitiri, kisha ataingia mato yako chini, haangalii mtu, asome namba zake, atoke. Ameingia nyumba zote za Mkomani na hakutoka na siri hata moja. Mimi siingii nyumba ya mtu, na siri zote ninazo. Kila mtu na kipawa chake.

Kwao ni Kizingitini, kule Pate, kwa wavuvi wa kamba. Lakini yeye bahari ilimkataa. Mtoto wa Kizingitini anayetapika akikanyaga mashua! Ndugu zake walimcheka mpaka akahama. Akaja Lamu, akapata kazi ya mita, akamuoa Bi Mwana, wakazaa mtoto mmoja tu, Huwaida. Bi Mwana amefariki miaka minane sasa, Mungu amrehemu. Mzee amestaafu, ana sukari, na macho yanampungukia. Lakini kofia yake imenyooka kama siku ya harusi, na kila Ijumaa asubuhi anakuja kwangu nimtengeneze ndevu, nazo si nyingi, ni heshima tu.

Huwaida ana miaka thelathini na minne, aliolewa akaachika, anaishi na babake. Kazi yake ni ya kompyuta. Ati kuna kampuni inauza vidude vya kutia sikioni kwa wazee wa Australia wasiosikia vizuri. Kidude kikimpigia mzee mluzi, anaandika kulalamika, na anayemjibu ni Huwaida, yuko Mkomani, miguu juu ya kiti. Mimi nilisema toka siku ya kwanza: hakuna kampuni hiyo. Mzee wa Australia hasikii, ndiyo amuulize mtu wa Lamu?

Nakaa nyumba ya kuelekeana na yao. Taa yake huwaka saa tisa za usiku, maana ndiyo saa wale wazee wa Australia wameshakunywa chai. Msichana anaongea Kiingereza na kompyuta wakati hata mapunda wamelala. Nikamwambia mke wangu Iman, "Hii si kazi, hili ni jambo." Iman akaniambia nilale.

Basi mwaka huu ikasikika kwamba Huwaida anahamia Malesia, na babake anamchukua. Sababu iliyotangazwa ni nzuri sana, na sababu nzuri sana ndizo zinazonitia shaka. Ati kampuni imemwambia: ama asogee karibu na saa za Australia, na mahali umeme haukatiki, ama ikifika mwisho wa mwezi wa tisa wampe mtu mwingine hiyo kazi. Na Malesia wanampokea mtu wa kazi za kompyuta, na mzazi wake pia, bora tu ionekane kwamba mzazi anamtegemea yeye. Na ni nti ya Kiislamu, na wana madaktari wa macho. Unaona vile imepangwa? Haina hata tundu. Kitu kisicho na tundu kimeshonwa na mtu.

Siku moja akaja kibandani kwangu, amekumbatia faili.

"Assalam aleikum, kaka Aqil."

"Waaleikum salam. Umekuja kunyoa?"

"Nimekuja kukuomba barua."

"Mimi? Mwandiko wangu mimi unaandika 'Nimeenda kuswali' peke yake, na hiyo imebandikwa pale mlangoni."

"Nitaandika mimi, wewe utie sahihi. Useme kwamba miaka minne hii anayegharimia kunyolewa kwa baba ni mimi."

Nikauweka wembe chini. Huwa siuweki chini ovyo.

"Ndevu za babako zinataka shahidi?"

"Kila kitu chake kinataka shahidi. Dawa, miwani, chakula. Wasipoona kwamba ananitegemea, hawatamruhusu kuingia nami. Na mimi bila baba siendi."

"Babako hunilipa kwa mkono wake," nikamwambia. "Hutoa kwenye mfuko wa kanzu, hunipa, husema 'barakallah'. Sasa wewe wataka nitie sahihi kwamba ni wewe?"

"Na kwenye mfuko wa kanzu zinaingiaje, kaka Aqil?"

"Zinaingia kwa kuwa ni kanzu ya mtu mzima! Amefanya kazi miaka thelathini na mmoja!"

Akafunga faili. "Haya," akasema. "Basi." Akaenda zake. Na mimi nikajisemea, Aqil, umeikwepa hiyo. Sahihi ya kwanza ni ya ndevu, ya pili itakuwa ya nini?

Kutoka hapo nikafungua macho. Nikamuona anapiga picha sahani ya babake, wali na samaki, kabla mzee hajatia mkono. Akapiga picha kitanda chake. Akapiga picha ukumbi, vidaka vya ukutani, dari, ngazi. Akampeleka Mokowe, upande wa bara, kwa wakili mmoja, Bi Wanjira, mzee akatia kidole gumba kwenye karatasi ambazo kwa macho yale hawezi kuzisoma. Na lililonimaliza ni hili: Bwana Taufiq akaanza kuzunguka mitaani kuomba radhi. Nyumba kwa nyumba, kama enzi za mita. "Kama nilikukosea, nisamehe." Jamani, mtu huomba radhi akienda Hija, au akienda kaburini. Malesia si Makka. Kwa hivyo?

Kwa hivyo nikajumlisha. Nyumba ya mawe, ya ghorofa mbili, katikati ya Mkomani. Mnajua wenyewe watu wangapi wa ng'ambo wanazitafuta. Mzee kipofu nusu, kidole gumba, picha za vidaka. Binti anamtoa babake kwa jina la safari, nyumba inauzwa mgongoni, mzee anaachwa kwenye chumba cha kupanga asikojua hata kuomba maji. Akili niliyoitumia siku ile, mpelelezi wa Nairobi angelipwa mshahara wa mwaka mzima.

Ijumaa ilipofika nikampaka povu, nikamwinamia sikioni.

"Bwana Taufiq, nikwambie neno, usikasirike. Hii safari sina imani nayo."

"Wewe una imani na nini, Aqil? Hata saa ya msikitini huiulizi mara mbili?"

"Picha za nyumba anazipigia nini? Wataiuza nyumba yako, bwana. Nyumba yako hiyo! Ukirudi utakuta mzungu anaogelea ukumbini."

Vidole vyangu vilikuwa shavuni mwake, nikahisi nyama inakaza, kama mtu aliyeumwa jino.

"Nyumba yangu," akasema, polepole.

"Ndiyo. Yako."

"Malizia ndevu, Aqil."

Nikajua nimempata. Nilimsikitikia, lakini moyoni nilijipongeza vilevile.

Wiki iliyofuata yakafika mahojiano. Kuna ofisi moja Nairobi inayopokea maombi hayo, na bwana mmoja anaitwa Hesbon alikuwa amhoji mzee kwa video, saa tatu asubuhi. Mzee akataka atengenezwe ndevu nyumbani, ili aonekane mtu. Nikaenda na mkoba wangu. Nilipomaliza hakuna aliyeniambia nitoke, na mimi si mtu wa kujiambia mwenyewe. Nikakaa kwenye kigoda kando ya mlango, nakunja taulo. Hilo taulo nilikunja mara kumi na moja.

Huwaida akamsogezea babake kompyuta. Kwenye kioo akatokea mwanamume mwenye tai na sauti kavu.

"Habari ya asubuhi, mzee. Afya yako ikoje?"

"Alhamdulillah. Mzima kama unavyoniona."

Huwaida akauma mdomo. Sukari ya miaka tisa, macho yanafifia, na mzee ni mzima. Lakini hapa kwetu nani akiulizwa hali hujibu vingine?

"Unatumia dawa?"

"Vidonge vidogo tu. Hapana neno."

"Nani anakupikia?"

"Nyumba haikosi chakula, namshukuru Mungu."

"Binti yako anakusaidia vipi?"

"Mtoto mwema. Tunasaidiana."

Yule bwana akaandika, akaandika tena. "Na nyumba mnayokaa, ni ya nani?"

Bwana Taufiq akainyoosha kofia yake. Akageuza uso kando, si kwa Huwaida, akaugeuza kwangu, kwenye kigoda. Halafu akarudi kwenye kioo.

"Yangu," akasema.

"Baba," Huwaida akanong'ona.

"Yangu."

Bwana Hesbon akainua karatasi. "Mzee, hati niliyoletewa inasema nyumba ni ya Huwaida. Na umekana kila kitu alichoandika. Kwa maneno yako wewe humtegemei mtu. Sasa, ama yeye anadanganya ama ni wewe. Nawapa mpaka Alhamisi. Mkija na majibu mawili tena, faili ya mzee naifunga, na binti aende peke yake."

"Siendi peke yangu," Huwaida akasema.

"Hilo si juu yangu, dada." Kioo kikawa cheusi.

Huwaida hakulia wala hakugomba. Aliifunga kompyuta, akaenda kusimama kwenye ngazi, mgongo kwetu. Mimi nikachukua mkoba nikatoka mbio, kwa sababu nilikuwa nimesikia nilichokitaka. Hati ina jina la Huwaida! Ameshaiandikisha! Kile kidole gumba cha Mokowe! Niliona tayari ninavyohadithia hadi Matondoni.

Lakini mimi ni mtu wa ushahidi. Nikapitia kwa Bi Hindu, dadake marehemu Bi Mwana, mama mzee mwenye ulimi ambao hata wembe wangu unauamkia. Alikuwa barazani ndani, anachambua mchele.

"Shikamoo, Bi Hindu."

"Marahaba. Ukiamkia vizuri hivyo una uchafu mdomoni. Utoe."

Nikautoa wote. Picha, kidole gumba, hati. Yeye hakuacha kuchambua mchele hata punje moja.

"Aqil," akasema, "ina lako, jina ulilopewa na babako, maana yake mwenye akili, sivyo?"

"Ndivyo."

"Babako alikuwa na matumaini." Akatupa kijiwe. "Picha na kidole gumba ni ushahidi wa safari, wa kuonyesha anavyomtunza babake. Nyumba ile ilikuwa ya mama yetu. Akampa Mwana alipoolewa. Mwana akampa Huwaida alipoolewa, mbele ya kadhi, wewe ukala biriani yake mpaka ukafunguliwa kifungo. Taufiq aliingia mle na sanduku la bati na mto mmoja. Mwanamume wa hapa huingia kwa mkewe. Hulijui hilo?"

"Lakini watu wote husema kwa Bwana Taufiq."

"Husema. Ni heshima hiyo. Na wewe nyumba yako, watu huiitaje?"

"Kwa Aqil."

"Na ni ya nani?"

Nikaangalia sinia ya mchele. Nyumba ninayokaa ni ya Iman. Alipewa na mamake. Mimi nilileta kioo na kiti cha kinyozi.

"Basi," akasema Bi Hindu. "Toka hapa, unanifanyia kiza."

Nikatembea ndia nzima sina neno, na waliokutana nami siku ile wanaweza kushuhudia, ilikuwa mara ya kwanza. Sasa nikaelewa ule uso alioniletea mzee. Alijua jibu. Lakini aliketi kando yake mtu ambaye, akisikia jambo saa tatu, adhuhuri lishafika sokoni na alasiri lishavuka mlango wa bahari. Angesema vipi mbele yangu kwamba kwa miaka yote anakaa kwa mtoto? Bwana Hesbon alikuwa Nairobi, yeye haogopwi. Aliyeogopwa alikuwa kinyozi.

Msidhani shaka ziliniisha hapohapo. Nyumba yake, sawa. Lakini Malesia? Na hao wazee wa Australia? Bado nilikuwa nawanusa.

Alhamisi nikaitwa tena na mkoba. Nilimnyoa bila hadithi, mpaka akauliza kama naumwa. Dakika tano kabla ya saa tatu nikabeba vitu vyangu.

"Mimi naenda, Bwana Taufiq. Kuna mtu ananisubiri kibandani."

Huwaida alikuwa ameshanifungulia mlango, na kwa uso wake angenisukuma kama adabu ingemruhusu.

"Hapana mtu anayekusubiri," akasema mzee. "Rudi. Ndoo hapa, ukae pale pale ulipokaa juzi."

"Baba, mwache aende," Huwaida akasema.

"Akae asikie."

Nikakaa. Taulo sikulikunja.

Bwana Hesbon akatokea, tai nyingine, sauti ileile. Kabla hajauliza, mzee akainua mkono.

"Bwana Hesbon, andika. Nyumba si yangu. Ni ya mwanangu huyu. Kabla yake ilikuwa ya mamake. Mimi niliingia na sanduku, na nikifa nitatoka bila hilo sanduku. Dawa nanunuliwa. Chakula napikiwa, na kisicho na sukari hupikwa mbali na chake. Jito la kushoto halioni kitu. Yeye namwambia naona ukungu, lakini halioni ukungu wala nini, limezimika tangu Ramadhani."

"Baba!"

"Ngoja, sijamaliza. Hata pesa za kinyozi," akanielekezea kidole, kikaelekea ukuta kidogo kando yangu, "natiliwa mfukoni mwa kanzu kila Alhamisi. Yeye hudhani sijui. Mimi nimesoma mita maisha yangu yote, nikose kujua kinachoingia na kinachotoka?"

Huwaida alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. Miaka minne alimtilia zile pesa kwa siri babake asijisikie, na miaka minne babake alizikuta akajifanya hakuzikuta, mtoto asijisikie. Na mimi hapo katikati nikapokea, na barakallah juu.

Bwana Hesbon akaacha kuandika. "Mzee, juzi kwa nini ulisema ni yako?"

"Juzi palikuwa na kinyozi."

"Na leo hayupo?"

"Yupo. Nimemweka makusudi. Yeye atalisambaza mji mzima, mimi sitakuwa na la kuficha tena, na mwanangu atapata njia. Nimechoka kuwa mwenye nyumba, bwana."

Yule mtu wa Nairobi akakohoa, akageuka kando, akarudi. Akasema majibu sasa yanafanana na karatasi, na atapeleka faili zote mbili.

Kioo kilipozimika nikasimama, nikajipiga kifua. "Huwaida, lete ile barua ya ndevu. Naitia sahihi sasa hivi, na kidole gumba juu."

"Haihitajiki tena, kaka Aqil," akasema, bila hasira. "Nilipata ya mwenye duka la dawa."

Nikamuuliza mzee, mlangoni, kama kweli niseme. Akanipiga begani. "Sema. Usipunguze. Lakini wewe usiongeze, nakujua."

Basi nimesema, na ndiyo nawaambia nyinyi, na sikuongeza ila kidogo pale kwenye taulo. Ruhusa ilitoka baada ya wiki tano. Siku ya kuondoka mzee alivuka kwenda Mokowe kwa boti, dakika zile chache tu, na akatapika, mtoto wa Kizingitini. Huwaida alimshikia kofia. Watu waliokuja kuwasindikiza walikuwa wengi kuliko wa harusi yake, na hakuna aliyemtazama Bwana Taufiq kwa jicho la upande, ingawa wote walikuwa wameshasikia. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwatazama, mmoja mmoja, nione nani atacheka. Hakuna aliyecheka. Nikawashuku hata kwa hilo.

Nyumba ipo. Bi Hindu ana funguo, anapepeta mchele wake ukumbini mle kila asubuhi, na vidaka vyote viko mahali pake, nimevihesabu kwa dirishani. Wanatuma picha kwa simu ya Iman. Mzee amekaa kwenye kiti cha plastiki, jicho la kulia limefanyiwa kazi, anasema anaona majani ya mti. Ndevu upande wa kushoto zimepandishwa juu kuliko kulia. Nimemuuliza mara tatu ni nani anayemnyoa huko, na mara tatu hajanijibu. Hilo nalo silipendi, nitalifuatilia.

Kuhusu ile kampuni, bado sijamuona mzee hata mmoja wa Australia.

Lakini nilisema Huwaida anamuibia babake. Hapo nilikosea.